Tuususie mpira? Barua zenu na majibu yetu

SWALI

Anti shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili niko hapa Tanga, Mwananchi damu damu toka utotoni, marehemu baba ndo aliniambukiza Yanga na sijawahi kujuta. Shida yangu saivi mpira umeanza kunichosha, yani sio mpira wenyewe ila vinavyoambatana nao. Kwenye grupu letu la WhatsApp nikichangia tu kuhusu kikosi naambiwa we mama nenda kapike. Kibanda umiza nilikua naenda na mdogo wangu, nimeacha, maana ukipita kutafuta pa kukaa kuna mtu anakushika, ukigeuka benchi zima linacheka hujui hata nani. Mume wangu ye ni Simba, hilo sina neno nalo, lakini kila wikiendi mkeka, hela ya mboga inaishia kwenye mkeka, alafu timu yake ya Uingereza ikitoa jezi lazima anunue na msimu mmoja zinatoka tatu. Na jirani yetu mumewe timu ikifungwa tu, usiku tunasikia kilio. Sasa dada yangu yuko Dar, anafanya kazi shirika la kutetea wanawake, ananiambia soka la kulipwa ni biashara ya wanaume, imejengwa kwa kudharau wanawake na kuuzia watu vitu wasivyohitaji, kwaio mwanamke anayejitambua asuse kabisa, asiangalie, asinunue, hata kisimbuzi akate. Nimewaza sana Anti. Nisuse? Na nikisusa ntakua nimemkomoa nani?

Mwananchi wa Chumbageni, Tanga

JIBU

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Naanza na jirani, maana hilo halisubiri mjadala wa jezi. Mwanaume anayempiga mkewe kisa timu imefungwa ni mhalifu, timu ni kisingizio tu. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, msindikize mwenzio, kama anaogopa kwenda mwenyewe muanzie hata kwa mwenyekiti wa mtaa, ila msikae kimya mkiendelea kusikiliza ukutani. Na wala sio huku kwetu tu. Kule Uingereza watafiti wa chuo kikuu cha Lancaster walichambua taarifa za polisi wa Lancashire kipindi cha Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010, wakakuta siku England ikifungwa ripoti za ukatili wa majumbani zinapanda kwa asilimia 38, na hata ikishinda au ikitoka sare zinapanda kwa asilimia 26. Yani hata siku ya furaha kuna mwanamke anapigwa. Kwaio dada yako anachosema hajakiota, ana hoja nzito na nakuomba usimuone mkorofi.

Ila kwenye kususa kabisa, kimya kimya, kila mtu nyumbani kwake, hapo mimi na yeye tunaachana. Fikiria kibanda chenu. Ulivyoacha kwenda nani aliumia? Yule aliyekushika yupo, wenzie wapo, mwenye kibanda anapokea mia tano zake kama kawaida, na pengine hajui hata kama kuna mama alikua anakuja na mdogo wake na hawaji tena. Aliyepoteza ni wewe, umepoteza mpira wa baba yako. Na wale waliokua wanataka kibanda kiwe cha wanaume peke yao wamekipata bila kutoa jasho.

Kususa kunauma pale wanaosusa ni wengi, wanajulikana, na wanachodai kinajulikana. Hispania inatosha kuwa ushahidi. Mwaka 2022 wachezaji 15 wa timu ya taifa ya wanawake waliandikia shirikisho lao kwamba hawachezi tena mpaka mazingira ya timu yabadilike. Shirikisho likawajibu kwa ubabe, wengi wao wakakosa Kombe la Dunia la 2023 na timu ikaenda bila wao na ikabeba kombe. Ungeweza kusema wamesusa bure. Sasa siku ile ile ya fainali kule Sydney, tarehe 20 Agosti 2023, rais wa shirikisho Luis Rubiales akamshika kichwa mchezaji Jenni Hermoso jukwaani wakati wa kugawa medali akambusu mdomoni mbele ya dunia nzima, na siku chache baadae akasimama kwenye mkutano kusema hajiuzulu, akarudia tena na tena hajiuzulu. Safari hii wakagoma wachezaji 81, na humo ndani wakiwemo wote 23 waliotoka kubeba kombe. Hamna mchezaji wa kuitwa, hamna timu. Tarehe 10 Septemba Rubiales akaachia ngazi, kocha alishatimuliwa, na Februari 2025 mahakama ikamkuta Rubiales na hatia ya unyanyasaji wa kingono ikampiga faini ya euro 10,800. Faini ni ndogo, inatia hasira, lakini mtu aliyedhani hagusiki aliondoka.

Alafu muangalie Ada Hegerberg wa Norway. Huyu alikua mshambuliaji bora duniani, ndo mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Ballon d'Or mwaka 2018, na hata siku hiyo ya heshima yake mtangazaji akamuuliza kama anajua kukata viuno. Kuanzia 2017 alikataa kuchezea taifa lake kwa sababu ya jinsi soka la wanawake lilivyokua linachukuliwa, akakosa Kombe la Dunia la 2019, karudi 2022. Namheshimu mno yule dada, kauli yake ilisikika kila mahali. Lakini alisimama karibu peke yake, na gharama aliibeba peke yake, miaka ya ubora wake kabisa. Wewe wa Chumbageni ukikaa ndani hata hiyo kelele haitasikika.

Mashabiki nao wanaweza. Februari 2016 wenye Liverpool walitangaza tiketi ya pauni 77, mashabiki kama elfu kumi wakainuka dakika ya 77 wakatoka zao uwanjani, timu ilikua inaongoza mbili bila na mechi ikaishia sare ya mbili mbili. Wiki haikuisha, wamiliki wakaomba radhi na wakafuta ile bei. Na 2021 timu 12 kubwa za Ulaya zilijitangazia ligi yao wenyewe ya matajiri, mashabiki wakajaa barabarani kwenye geti la Chelsea pale, ndani ya siku mbili timu zote sita za Uingereza zikajitoa. Hao wote hawakuacha kuupenda mpira, waliupigania kama mali yao.

Kwaio ushauri wangu ni huu na uuchukue kama wa dada mkubwa: baki kwenye mpira, toa hela yako kule inakokudharau.

Na hapa kubwa ni mkeka. Mi kuhusu mkeka sina lugha laini kabisa. Watu wengi wanaona ni elfu moja ya kujaribu bahati, lakini fuata ile elfu moja inaenda wapi. SportPesa, kampuni ya kubeti, ilianzia Kenya, na mwaka 2017 jina lake likakaa kifuani kwa Everton ya Uingereza, timu ikaletwa mpaka hapa Dar kucheza na Gor Mahia, Rooney akafunga, tukashangilia wote. Hela ya kulipia kifua cha Everton ilikua inatoka kwa nani kama sio kwa vijana wa Nairobi na Kisumu na huku kwetu wanaochana mikeka kila Jumapili? Nyumbani nako ni hivyo hivyo, 2022 Simba walisaini na M-Bet, nayo ya kubeti, Yanga na SportPesa, ndo kusema hata jezi ya mume wako ni tangazo la kitu kinachomla. Wenyewe Uingereza wameona aibu, klabu za Ligi Kuu yao zilikubaliana 2023 kwamba kampuni za kubeti zitoke kifuani mwa jezi mwisho wa msimu wa 2025/26, ingawa mkononi na kwenye mabango zimeruhusiwa kubaki. Kaa na mumeo siku ambayo hamna mechi, sio baada ya kipigo cha goli tatu wala sio mbele ya watoto, muandike kwa pamoja hela ya mwezi uliopita iliyoenda kwenye mikeka. Usimtajie mpira kabisa. Mtajie ada na unga. Wanaume wengi wanakubali hoja ya hesabu wakati ya lawama hawaikubali, hilo nimeliona kwa wengi.

Jezi sio dhambi. Moja ukaivaa miaka mitatu inatosha na ushabiki wako haupungui hata nusu. Ile ya pili na ya tatu ndo biashara inapokutafuta.

Kibanda sasa. Nenda kaongee na mwenye kibanda, ila usiende peke yako, tafuta wamama na wadada wenzio mnaopenda mpira, wapo wengi tu mtaani kwenu wanaangalia dirishani. Muambieni mpo kumi, mtakuja kila mechi ya Yanga na mtalipa, mnataka benchi la mbele kwenu na anayeshika mtu atolewe na asirudi. Ye ni mfanyabiashara, viingilio kumi vya uhakika havikatai. Grupu la WhatsApp hivyo hivyo, admini aulizwe hadharani na watu zaidi ya mmoja: hili ni grupu la wanachama au la wanaume? Maana sisi tuna kitu ambacho shabiki wa Manchester hana, klabu zetu zina wanachama na matawi na mkutano mkuu, mwanachama unapiga kura. Simba iliwahi kuongozwa na Barbara Gonzalez kama mtendaji mkuu kuanzia 2020, na msimu huo huo ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kwaio asije mtu kukuambia mwanamke hajui mpira. Kata kadi ya uanachama kama huna, alafu siku ya mkutano uliza bajeti ya Yanga Princess, timu yenu ya wanawake, ni shilingi ngapi. Swali moja tu hilo, kwa sauti.

Na uwaangalie hao Yanga Princess wenyewe, hapo ndo pa kuipeleka hela uliyoitoa kwenye mambo mengine. Nimewahi kukaa pale Chamazi kuangalia mechi ya ligi ya wanawake, watu wachache, kwaio unasikia kila kitu ambacho kwenye dabi husikii: kipa anapanga mabeki wake kwa majina, "mtu nyuma! mtu nyuma!", beki anajibu "nimemuona", mpira ukigonga mwamba unausikia mpaka mgongoni. Winga mmoja alikua amefunga soksi kwa plasta nyeupe ya duka la dawa, akaangushwa mbele yetu kabisa, akainuka akaomba mpira kabla refa hajapuliza. Nyuma yangu alikaa baba na binti yake wa kama miaka tisa, mtoto anauliza kila kitu, huyu namba ngapi, yule anatoka wapi, analipwa? Baba akasema analipwa. Nilitamani yule mtoto akute uwanja umejaa.

Dada yako msomee hii barua. Mwambie shirika lao likitaka kususia kitu kwa pamoja, lichague udhamini wa kubeti, mimi nitakua wa kwanza kutia saini.

SWALI

Anti habari. Mimi kijana wa Mbagala, nasoma kurasa zako na nakuheshimu ila kwenye hili la wanawake mnatulazimisha. Mpira wa wanaume unalipa kwa sababu watu wanaupenda, wa wanawake watu hawaendi, soko ndo linaamua. Mbona hatusemi ni ubaguzi wanamitindo wa kike wakilipwa zaidi? Kama bidhaa haina mvuto isilazimishwe.

JIBU

Mwanangu asante kwa kuandika wazi, wengi wanawaza hivyo hivyo ila wanaishia kutukana. Ngoja nikupe historia moja. Tarehe 26 Desemba 1920, uwanja wa Goodison Park pale Liverpool, timu ya wanawake wa kiwandani iliyoitwa Dick, Kerr Ladies ilicheza mbele ya watu 53,000, na wengine maelfu wakabaki nje milango imefungwa. Hilo ndo soko unalolisema, lilishaamua. Mwaka mmoja baadae, tarehe 5 Desemba 1921, chama cha soka cha England kikazipiga marufuku timu za wanawake kutumia viwanja vya wanachama wake, kwa maelezo kwamba mpira haumfai mwanamke, na marufuku hiyo ikakaa karibu miaka 50. Wanaume wakajenga ligi, wakajenga majukwaa, redio ikaja, televisheni ikaja, wakati wenzao wanacheza kwenye mabustani. Sasa mtu anatokea anasema wanawake hawana mvuto. Walifungiwa mlango wakati watu wako ndani wanashangilia!

Na mlango ukifunguliwa watu wanarudi. Machi na Aprili 2022 Barcelona ya wanawake iliujaza Camp Nou mara mbili, kila mara zaidi ya watu 91,000. Mvuto unajengwa mwanangu, kwa kuonyeshwa saa nzuri, kwa kutangazwa, kwa uwanja wenye nyasi na kwa mchezaji kulipwa vizuri ili asigawane mazoezi na kazi ya kuuza duka. FIFA yenyewe ilitenga dola milioni 440 za zawadi Kombe la Dunia la wanaume 2022, na la wanawake mwaka uliofuata dola milioni 110, na hiyo 110 tayari ilikua zaidi ya mara tatu ya ile ya 2019 ambayo ilikua milioni 30. Ndani ya miaka minne tu! Mchezo ni ule ule, kilichobadilika ni watu kudai.

Kwetu hapa. Agosti 2021 Rais Samia alivyozungumzia vifua vya wachezaji wetu wa kike, kwamba ukiwaona unaweza kudhani ni wanaume, na kwamba ndoa kwao ni shida, ile kauli iliniuma sana, kwa kuwa aliyeitoa ni mwanamke mwenzetu na kwa kuwa nilijua wasichana wangapi wanaambiwa hayo hayo nyumbani na mama zao. Mwaka uliofuata, Oktoba 2022, Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, wakaenda India Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Mechi ya kwanza Japan wakawapiga nne, nikajua basi. Mechi ya pili wakamfunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakaingia robo fainali. Taifa Stars ya wanaume haijawahi kufika Kombe la Dunia hata mara moja, na simsemi mtu vibaya, ni ukweli tu. Na Aisha Masaka alianzia hapa hapa kwenye ligi unayosema haina mvuto, akaenda Sweden BK Häcken, 2024 akasajiliwa Brighton ya Uingereza.

Hao wanamitindo nao ni biashara inayouza mwili wa mwanamke, sidhani kama ni mfano unaokusaidia.

Sikulazimishi kupenda. Nenda mechi moja, Simba Queens na JKT Queens, hao ndo wamekua wakipokezana ubingwa toka 2017/18, kiingilio chake hakifiki hata bei ya mkeka wako. Ukirudi niandikie, na kama bado huoni mvuto nitachapisha barua yako kama ilivyo.

SWALI

Dada, salamu kutoka Kisauni, Mombasa. Mimi ni baba, binti yangu ana miaka 13 na ni kipa wa timu ya shule, mzuri kweli. Anataka jezi ya kipa ya mwanamke, nimezunguka maduka nimekosa, zote za wanaume, na mke wangu anasema hata zikipatikana tusinunue maana tutakuwa tunamfundisha kuabudu vitu. Tufanyeje?

JIBU

Kaka, kwanza hongera kwa kumzungukia maduka. Kukosa kwako sio bahati mbaya. Kombe la Dunia la 2023 kipa wa England Mary Earps, ambaye fainali alidaka penalti ya Hermoso huyo huyo, jezi yake haikuuzwa popote, Nike hawakuitengeneza, za wachezaji wa ndani zipo, ya kipa hamna. Watu zaidi ya laki na nusu wakasaini kulalamika, kampuni ikalegea ikatoa chache, zikaisha haraka. Kwaio shemeji ana haki kuogopa biashara, na binti ana haki kutaka kuona mtu kama yeye kwenye jezi, sioni kama mmoja wao amekosea.

Ningekua mimi ningeacha jezi ya dukani. Nendeni Kongowea na binti mwenyewe, kwenye mitumba, mtafute shati la kipa la mikono mirefu lenye rangi anayoipenda, fundi aliandike jina lake na namba yake nyuma, lake yeye, sio la mchezaji yeyote. Hela itakayobaki mnunulieni glavu nzuri, kipa anakula matunda ya glavu kuliko jezi. Msichukue inayobana, vidole vibaki na nafasi kidogo mbele. Zifuliwe kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni ya unga, zianikwe kivulini, kwa jua la Mombasa ule mpira wa viganjani ukianikwa juani unapasuka mapema.

Na mechi yake ijayo mama naye aende.